Orodha au kifungu: njia mbili za kuisoma kazi ya fasihi na kuiandikia insha

Mwanafunzi anayeanza kuhakiki fasihi hukutana mapema na maagizo mawili yasiyoelewana. La kwanza linasema: chambua fani na maudhui, pitia kipengele kimoja baada ya kingine, usimsahau mhusika yeyote. La pili linasema: weka vipengele kando, shika ukurasa mmoja, usome mpaka ukwambie kitu. Yote mawili hutoka kwa watu wanaoijua kazi yao, ndiyo maana mwanafunzi hubaki njia panda, kalamu mkononi.

Hapa nitayaita njia ya orodha na njia ya kifungu. Nimesoma kwa zote mbili na nimesahihisha insha zilizoandikwa kwa zote mbili, kwa hiyo siwezi kujifanya mwamuzi asiye na timu. Naegemea kifungu. Lakini zipo kazi ambazo kifungu hakiziwezi, na nyingine ukizikabili bila orodha utaumbuka.

Kila njia inakutaka ufanye nini

Anayefuata orodha huingia kitabuni na masanduku yake tayari. Upande wa fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Upande wa maudhui kuna dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Kusoma kwake ni kujaza. Akikuta tashbihi anaitia sanduku la lugha, akikuta ugomvi anautia la migogoro. Desturi hii ina umri mkubwa. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliigawa tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, katika sehemu sita: msuko, wahusika, fikra, usemi, wimbo na maonyesho. Ziweke hizo sita kando ya masanduku yetu, utaona undugu.

Anayefuata kifungu huchukua kidogo, aya moja au ubeti mmoja, akakaa nacho. Anasoma mara tatu, mara nne, akiuliza swali lilelile kila anapofika kwenye neno: kwa nini hili, na si jirani yake? Njia hii iliota mizizi vyuoni baada ya jaribio la I. A. Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtunzi, akawaomba waandike wanachokiona, kisha akachapisha majibu yao mwaka 1929. Hawa walikuwa vijana waliosomeshwa vizuri, lakini wengi walishindwa kueleza hata maana ya wazi ya mistari, na wengine waliyabeza mashairi ya watunzi wenye majina makubwa. Walipokosa jina la kuegemea, waliegemea majibu ya mazoea: yale anayokuwa nayo msomaji kichwani kabla hajafungua kitabu.

Jibu la mazoea ndilo adui wa insha nyingi nilizowahi kushika, na kila njia ina namna yake ya kulikaribisha.

Kifungu kimoja, insha mbili

Tuache nadharia, tuone kwa macho. Kifungu hiki nimekitunga mwenyewe, usihangaike kukitafutia mwongozo:

"Mama alipanga sahani tatu mezani. Akaitazama ile ya tatu, akaichukua, akaipangusa ingawa ilikuwa safi, akairudisha kabatini. 'Karibuni,' aliita. Baba akaja peke yake. Akala kimya mpaka akamaliza, kisha akasema chumvi ilikuwa imezidi."

Mwanafunzi wa orodha ataandika hivi, au karibu na hivi:

"Mwandishi amefanikiwa kuibua dhamira mbalimbali. Dhamira ya kwanza ni kifo, ambapo mtoto wa familia hii amefariki. Dhamira ya pili ni nafasi ya mwanamke katika jamii. Mama amechorwa kama mchapakazi mwenye huzuni. Baba ni mkali na asiye na shukrani. Mandhari ni ya nyumbani, na lugha ni nyepesi inayoeleweka."

Soma tena kifungu. Nani amekufa? Hakuna mahali palipoandikwa. Huenda huyo wa tatu ameolewa, au yuko gerezani, au wamekosana akahama. Hata kwamba ni mtoto hatujaambiwa. "Kifo" kilikuwa kimekaa kwenye sanduku la dhamira kikingoja hadithi yoyote yenye simanzi ipite karibu. Na ile "lugha nyepesi inayoeleweka" ndiyo sentensi iliyochoka kuliko zote katika uhakiki wetu. Nimeikuta kwenye insha za tamthilia ngumu kiasi kwamba aliyeiandika, nina hakika, hakuwa ameielewa hata kidogo.

Kuna kipimo rahisi cha kugundua aya ya namna hii. Chukua sentensi yako, uihamishie kwenye insha ya kitabu kingine. Ikikaa vizuri bila kubadilishwa neno, ifute. "Mama ni mchapakazi mwenye huzuni" itahamia kwenye riwaya mia na kote itapata pa kulala.

Sasa mwanafunzi wa kifungu:

"Mama anahesabu vibaya mara mbili. Kosa la kwanza ni la mkono, nalo analisahihisha: sahani ya tatu inarudi kabatini. Kosa la pili ni la ulimi, nalo linabaki: anaita 'Karibuni' ilhali wa kuja ni Baba peke yake, ambaye 'Karibu' ingemtosha. Sahani ilikuwa na kabati la kurudia; ile -ni haikuwa nalo. Katika sentensi ya pili, vitenzi vinne vinafuatana na kila kimoja kimebeba -i- ya sahani: akaitazama, akaichukua, akaipangusa, akairudisha. Chombo kinashughulikiwa mara nne, mwenye chombo hatajwi hata mara moja."

Aya hii haiwezi kuhamia popote. Haikusema kifo, haikusema mapenzi, lakini ukimaliza kuisoma unajua nyumba hiyo ina pengo gani na linakaa wapi: katika kiambishi. Tena aliyeiandika hakuhitaji istilahi ngumu. Alihitaji kujua jambo ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua, kwamba "karibuni" ni ya watu wengi, na kulitilia maanani pale alipolikuta.

Lakini nisikipambe kifungu kupita kiasi. Njia hii ikimlewesha mtu anaanza kuona majini kila kona. Yule yule aliyeandika vizuri kuhusu "Karibuni" anaweza kugeuka aya ya pili akasema chumvi iliyozidi ni machozi ya Mama yaliyodondokea sufuriani. Ni wazo tamu. Nani kaona machozi, lakini? Kifungu kina sahani, kina kabati, kina mlaji mmoja aliyenyamaza, wala hakina hata kope iliyolowa. Unaloweza kulitetea ni dogo zaidi na, kwangu, zuri zaidi: neno pekee la Baba baada ya kimya kirefu linahusu chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inayoweza kutajwa mezani pale. Orodha ikikosea hutoa aya butu. Kifungu kikikosea hutoa ndoto, na ndoto huandikwa kwa kujiamini sana.

Ushairi huitenga kweli na chuya

Tofauti huonekana zaidi kwenye shairi, maana shairi lina hesabu na hesabu huvutia orodha. Tazama ubeti huu, nao ni wangu:

Nilikupa ufunguo, ukasema utarudi,
Mlango pia komeo, vyanisema kwa kusudi,
Nasikiza kwa sikio, kimya ndicho kinazidi,
Nimebadili kitasa. Rudi.

Mwenye orodha atahesabu mishororo minne, aseme ni tarbia. Atapima mizani, yaani silabi: 8 ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), 8 utao (nusu ya pili), jumla 16 kwa kila mshororo. Vina vya kati -o katika mishororo mitatu ya kwanza, vya mwisho -di. Ataona tashihisi ya mlango na komeo kusema. Akifika mshororo wa nne atashtuka: ukwapi una 8 lakini utao una 2, jumla 10. Ataandika kwamba mtunzi amekiuka arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, kisha atageuza ukurasa.

Hesabu yake ni sahihi kabisa, na bila hiyo hakuna ambaye angejua kwamba kuna mizani 6 zimepotea. Hapo ndipo mwenye kifungu anapopokea kijiti. Zimepotea baada ya "Rudi", baada ya mshororo wa tatu kututangazia kwamba kimya kinazidi. Sikio lililokwisha kuzoea mizani nane za utao linaendelea kungoja sita zisizokuja, kama nafsineni, yule anayesema ndani ya shairi, anavyomngoja mtu asiyekuja. Tena angalia neno lenyewe: mshororo wa kwanza unaishia na ahadi, "utarudi", na wa mwisho unaishia na amri au ombi, "Rudi". Mzizi ni ule ule, njeo (ile -ta- ya wakati ujao) imeondoka. Halafu kuna kitasa kilichobadilishwa: anayeitwa arudi, ufunguo aliopewa haufungui tena.

Kwa hiyo kwenye ushairi sioni haja ya kuchagua. Hesabu kwanza, kisha uliza kila namba inafanya kazi gani. Anayeishia kwenye hesabu ametwanga maji kwenye kinu, naye asiyehesabu atazungumzia hisia tu mpaka karatasi iishe.

Lini uchague ipi

Kama una riwaya ya kurasa 300 na swali linasema "jadili", orodha itakufaa kuliko ninavyopenda kukiri. Kuna mambo hayaonekani kwa kuinama juu ya aya moja. Yanaonekana kwa kusimama mbali. Mhusika anayesema katika kila sura mpaka ya tano kisha asisikike tena mpaka kitabu kinaisha, hutamkuta kwenye kifungu chochote, kwa sababu habari yake ni kutokuwepo. Utamkuta kwenye jedwali: sura zikiwa juu, majina kando, alama mahali anapozungumza. Hiyo ni orodha, na ni kazi ya uhakiki ya kweli. Mandhari yanayorudi, vitu vinavyobadilisha mikono, muda unaorukwa kati ya sura na sura, vyote ni vya jedwali.

Ukilinganisha kazi mbili, orodha inakupa chango za kuzitundika zote mbili kwa kimo kimoja. Bila hiyo utaandika insha mbili zilizofungwa kwa uzi wa "vilevile" na "kwa upande mwingine".

Katika mtihani wa dakika 45, unaohitaji kukumbuka kitabu ambacho hunacho mbele yako, orodha tena. Lakini ingia na vifungu viwili vitatu unavyovijua kwa moyo, neno kwa neno. Msahihishaji aliyesoma karatasi arobaini zenye dhamira zile zile anapokutana na nukuu fupi iliyochambuliwa mpaka kwenye kiambishi, huamka.

Ukipewa kifungu usichowahi kukiona, hapo orodha haikusaidii na inaweza kukuponza. Huwezi kujadili "falsafa ya mwandishi" kutokana na mistari kumi na miwili. Insha ya nyumbani yenye wiki mbili mbele yake pia naipa kifungu bila kusita. Una muda wa kusoma mara nne, na muda huo usipoutumia kwenye maneno utautumia kwenye mitandao.

Tamthilia iko katikati. Isome kwa kifungu, lakini usome kama mtu atakayeigiza: nani amesimama jukwaani bila kusema, maelekezo ya jukwaa yanasema nini ambacho mhusika hasemi. Wanafunzi wengi huyaruka maelekezo kana kwamba ni ya fundi wa taa peke yake.

Daftari, mpango na rasimu

Hili nalipitia haraka. Wapo wanaoandika pembeni mwa ukurasa na wapo wanaoandika daftarini. Kama kitabu ni chako, pembeni panafaa kwa kusoma mara ya kwanza: alama ya kuuliza, neno moja, mstari. Kwa insha, daftari la safu mbili linashinda. Kushoto nakili maneno yenyewe pamoja na namba ya ukurasa. Kulia andika ulichokiona. Safu ya kulia ikibaki tupu unajua nukuu hiyo ni pambo. Ya kushoto ikibaki tupu ni hatari zaidi, maana umeanza kuzungumza bila kitabu.

Kuhusu kuandika penyewe, orodha huzaa mpango na kifungu huzaa rasimu. Mpango unakupa usalama, ila ukiufuata kama reli utafika ulikokuwa umeamua kufika kabla hujasoma. Rasimu huria, ile ya kuandika dakika kumi bila kunyanyua kalamu ambayo mwalimu wa uandishi Peter Elbow aliitetea mwaka 1973, hutoa takataka nyingi na sentensi moja ambayo hukujua unayo. Mimi huandika rasimu chafu ya vifungu vitatu: cha mwanzo wa kitabu, cha mwisho, na kile kilichonikera. Hicho cha tatu ndicho hunilipa zaidi, sijui kwa nini kukereka hakuhesabiwi kama mbinu ya kusoma. Mpango naupanga baada ya hapo, nikiwa na kitu cha kupangwa.

Na miongozo je? Mwongozo ni orodha iliyokwisha kujazwa na mtu mwingine. Ukiusoma baada ya kitabu, unaweza kubishana nao, na kubishana ni mwanzo mzuri wa insha. Ukiusoma kabla, utakuta kitabuni yale tu uliyoambiwa utayakuta. Programu za akili unde (AI) ziko kapu hilo hilo, na zina kasoro moja ya ziada: zinaweza kukutungia nukuu ambayo haimo kitabuni kabisa, ikiwa na alama za kunukuu na kila kitu. Kila nukuu itafute kwenye ukurasa wake kabla haijaingia kwenye insha yako. Isipoonekana, iache, hata kama ni nzuri kuliko zilizomo.

Nilichokikosa mwenyewe

Nilisema naegemea kifungu, basi niseme pia lililonipata na hizo sahani tatu.

Baada ya kuandika aya ile ya "Karibuni" nilijiona nimemaliza. Kwa mazoea tu nikaipitisha orodha juu ya kifungu, sanduku kwa sanduku, kama mtu anayekagua milango kabla ya kulala. Muundo, sawa. Mandhari, sawa. Nikafika kwenye usimulizi: nani anasimulia? Nikaandika "nafsi ya tatu", nikataka kupita. Kisha nikaona majina. Msimulizi hasemi "mwanamke" wala "mume wake". Anasema Mama, anasema Baba.

Katika Kiswahili mtu mzima yeyote anaweza kuitwa Mama au Baba kwa heshima, kwa hiyo si ushahidi wa kutosha peke yake. Lakini mahali hapa, ndani ya nyumba yenye sahani iliyozidi, anayewaita wawili hao Mama na Baba ana uwezekano mkubwa wa kuwa mwenye sahani. Yupo karibu kiasi cha kuona kwamba sahani ilikuwa safi na kusikia neno la chumvi, ila hakuna anayemwona wala anayempa kiti. Sijui anatazama kutoka wapi.

Mimi ndiye niliyekitunga na sikulifikiria hilo nilipokuwa natunga. Mwaka 1946 wahakiki Wimsatt na Beardsley walitoa hoja kwamba kusudi la mtunzi si kipimo cha kuihukumia kazi yake, na huwa nawabishia. Safari hii nilinyamaza. Nikaifuta sentensi ya mwisho ya aya yangu, ile ya "mwenye chombo hatajwi hata mara moja", nikaandika mahali pake: "Mwenye chombo hatajwi, labda kwa sababu ndiye anayesema."